Bustani Isiyogusa Ardhi

Mama Turubai hakuwa mwepesi wa kumwamini mtu, na kazi yake ndiyo iliyomlea hivyo. Madereva wa malori walimletea maturubai yaliyochanika wakaapa kwamba ni upepo. Yeye aliinua pale palipochanika, akapatazama kwenye mwanga, akaona palivyokatika wima bila hata uzi mmoja kuning'inia, akajua hicho ni kisu. Pengine mwenye kisu ndiye aliyesimama mbele yake akiapa. Alipima kiraka, akashona, akapokea chake.

"Turubai halidanganyi," alizoea kumwambia binti yake aliyeolewa mbali, wakiongea kwa simu. "Wenye maturubai ndio wenye shughuli."

Kazi hiyo alifundishwa na marehemu mumewe, na mume alipofariki alibaki na kibanda cha mabati, cherehani ya chuma nzito kama jiwe la kusagia, na masalio ya maturubai yaliyorundikwa mpaka darini. Hakutupa kitu. Mikanda ya viti vya magari yaliyokufa, pete za bati, kamba za nailoni, vyote alivipachika kwenye misumari ukutani akisema vitapata kazi. Ila siku hizi kazi yenyewe ndiyo iliyokuwa haipatikani. Malori mengi yalikuja na vifuniko vya kiwandani, vikichanika vinatupwa. Mama Turubai akawa na nafasi ya kukaa mlangoni na kutazama nje, na nje kulikuwa na pengo.

Pengo ndivyo watu walivyopaita. Zamani palikuwa na nyumba kati ya kibanda chake na duka la kinyozi. Nyumba ikabomoka, mwenyewe akahama, wengine wakasema amekufa, wengine wakasema yuko hai na siku moja atarudi kuwatolea watu macho. Hakuna aliyejua. Katikati ya pengo hilo Mama Pacha, mwanamke aliyefua nguo za watu kwa malipo, alikuwa na kamba zake za kuanikia. Sehemu iliyobaki ilikuwa ya taka. Kila mtu mtaani alilalamikia taka, na kila mtu alizitupa pale asubuhi akiwa na uso wa mtu anayepita tu.

Mwisho wa uvumilivu ulikuja siku dereva mmoja alipokataa kutandaza turubai lake chini kwa sababu ya inzi. Alilikunja, akalirudisha garini, akaondoka bila kuaga. Mama Turubai alisimama pale na chaki yake ya kupimia mkononi. Jioni hiyohiyo alitandaza kipande kikuukuu sakafuni na kuchora bustani. Matairi yaliyochakaa pembezoni, ndoo zilizotoboka, masinki yaliyopasuka, na ndani yake mnanaa, mrehani, mchaichai, mshubiri na spinachi. Aliwaza kwamba mtu huona aibu kutupa taka mahali penye kitu kinachoota.

Alianza na matairi. Aliyavingirisha mwenyewe kutoka gereji, akayapanga kufuata ukingo wa pengo, akayajaza udongo. Siku ya pili kinyozi alitoka nje na kitambaa begani.

"Mama, unapima?"

"Napanda, kaka."

"Naona. Huanza hivyohivyo."

"Huanza nini?"

"Mtu hupanda ua. Kesho ua linataka uzio. Keshokutwa uzio unataka mlango, na mlango unataka kufuli." Alikung'uta nywele kwenye kitambaa. "Mimi sisemi kitu. Nauliza tu."

Maneno hayo yalimchoma, lakini hakushangaa. Mtaani kwetu mtu akichimba shimo hata la kumzika paka, watu husimama kuona kama shimo limenyooka. Kilichomuudhi ni kilichofuata. Asubuhi moja alikuta matairi mawili yamepinduliwa, udongo umemwagika, miche ya mnanaa imelala kama mkia wa panya. Akamtazama Mama Pacha, aliyekuwa akianika mashuka.

"Mwenzangu, hukuona mtu hapa?"

"Nimeona watu wengi. Hapa ni njia."

"Nauliza aliyepindua matairi."

Mama Pacha alibana shuka kwa vibanio, polepole. "Na mimi nauliza. Bustani yako ikifika katikati, kamba zangu zitakwenda wapi?"

"Nani kakwambia zitaondoka?"

"Nani kakwambia mimi ndiye nimepindua?"

Wakaachana hapo, kila mmoja akiwa na uhakika wake. Kwa muda wakawa wanasalimiana kwa kukohoa.

Katika hali hiyo ndipo shemeji yake alipotokea. Alikuwa mdogo wa marehemu mumewe, dalali wa viwanja na nyumba, mtu wa viatu vinavyong'aa hata kwenye matope. Tangu msiba hakuwa amekanyaga kibandani. Sasa alishuka kwenye gari la mizigo lililojaa udongo mweusi wa rutuba, akamkumbatia, akamuuliza afya, akaisifia cherehani yake.

"Nimesikia unafanya jambo kubwa, shemeji. Na sisi wa kwako tupo. Kaka angekuwa hai angejivunia."

Mama Turubai alimkaribisha kiti. Moyo ulifurahi, kwa sababu mtu akiwa peke yake muda mrefu hufurahia hata kuulizwa anaumwa nini. Lakini jicho lile la kutazama turubai kwenye mwanga halikulala. Wazee walisema mkono mtupu haulambwi. Hawakusema la kufanya na mkono uliokuwa mtupu miaka yote kisha ukaja umejaa ghafla.

Udongo ulikuwa mzuri kweli. Miche ilipata nguvu. Shemeji akarudi, safari hii na fundi mwashi na nguzo za zege. Alisimama juu ya mchoro wa chaki akautazama.

"Mzuri. Ila bustani bila mipaka ni kichaka. Tuweke nguzo kwenye pembe."

"Za nini?"

"Kuzuia mbuzi."

"Mtaa huu hauna mbuzi."

"Hauna leo," alisema shemeji, akacheka. Mwashi naye akacheka, kwa kuwa analipwa.

Nguzo zikasimikwa pembe zote, zege ikamwagwa. Kisha shemeji akamwomba Mama Turubai asimame kati ya nguzo ya mbele na matairi, ashike ndoo ya kumwagilia, akampiga picha kwa simu. Akampiga akipanda, akampiga akiwa amekaa, akampiga akionyesha kwa mkono kana kwamba anaeleza ukubwa wa shamba. Alisema ni kumbukumbu za familia. Tangu siku hiyo kila alipokuja alipiga nyingine, na hakuwahi hata mara moja kuinama kunusa mrehani.

Hapo ndipo Mama Turubai alipoanza kukosa raha. Alikaa mlangoni akitazama zile nguzo. Spinachi haihitaji nguzo. Mnanaa hauhitaji nguzo. Alijua kushona, na mshonaji anajua kwamba kitu cha kwanza ukitaka kukata kitambaa ni kutia alama pembeni. Lakini alijiuliza pia kama si ubaya wake mwenyewe. Labda shemeji amezeeka, amemkumbuka kaka yake, anataka kufanya wema, na yeye anamtafutia kisu pasipo na kisu. Alimpigia binti yake simu.

"Mama, baba mdogo hajawahi kununua hata sabuni ya msiba," binti akasema. "Leo ananunua zege?"

"Watu hubadilika."

"Hubadilika, ndiyo. Muulize amebadilika kuwa nini."

Mama Turubai hakumuuliza. Alijua akimuuliza dalali atajibiwa, na majibu ya dalali ni mengi kuliko maswali. Alichofanya ni kutazama kamba za Mama Pacha. Ilikuwa siku ya upepo, mashati na suruali za watu zikijaa hewa, na mfuko wa aproni moja ulikuwa umenasa jani kavu likasimama pale kana kwamba limeota. Alilitazama jani hilo kwa muda mrefu. Kisha akaingia ndani, akafuta mchoro wa sakafuni kwa kitambaa chenye maji, akaanza mwingine.

Safari hii hakuchora matairi. Alichora nguo. Shati kubwa la turubai, suruali, aproni, koti, kila moja na mifuko mingi, na katika kila mfuko mche. Zote zining'inie kwenye kamba juu ya vichwa vya watu wanaopita. Pasiwe na kitu chochote chini, wala tairi wala nguzo. Ukitaka kudai ardhi kwa bustani hiyo, utaonyesha nini? Kivuli?

Ila kamba ina ncha mbili. Moja ingefungwa kwenye boriti ya kibanda chake, na nyingine haikuwa na pa kufungwa ila kwenye ukuta wa kinyozi.

Alimkuta akimnyoa mteja kidevu. Alisalimia, akakaa kwenye benchi, akangoja mpaka wembe ulipotua.

"Kaka, nataka ukuta wako."

Kinyozi aligeuka taratibu. "Pengo limekwisha, sasa umefika ukutani?"

"Nataka kufunga kamba tu." Akamweleza: nguo, mifuko, miche, kila kitu juu.

"Na zile nguzo?"

"Nitazing'oa."

Kinyozi alifuta wembe, akautazama pande zote mbili. "Aliyeziweka anajua?"

"Bado."

"Mama, nikuambie kitu, halafu usinichukie. Huyo shemeji yako alikuja hapa ulipokwenda sokoni. Alikuwa na mwanamume na mwanamke wamevaa vizuri. Akawaonyesha kutoka nguzo hadi nguzo. Nikamsikia akisema, 'Ni la familia, mjane wa kaka ndiye analitunza.' Nikajua mnauza. Nikajua umemtuma."

Mteja wa kidevu naye alikuwa amefumbua macho.

"Na wewe hukuniambia," alisema Mama Turubai.

"Ningekuambiaje, na nilidhani ni mpango wako? Nilikushuku tangu siku ya kwanza. Yale matairi unadhani nani aliyapindua?"

Mama Turubai alimtazama kinyozi, kinyozi akatazama wembe wake.

"Mnanaa ulikuwa na kosa gani?" Mama Turubai akauliza.

"Mnanaa haukuwa na kosa. Nilikosea namna."

Alirudi kibandani akiwa na maneno hayo kifuani, na bado hakuyameza yote. Kinyozi naye duka lake lilikuwa dogo, wateja wakingoja nje juani. Nani asiyejua kwamba pengo lingemfaa kupanua duka? Mtu anayekiri kupindua tairi anaweza kukiri dogo ili afiche kubwa. Akaamua kwamba kuna njia moja ya kujua. Akachukua simu.

"Shemeji, nimebadili mchoro. Nguzo hazihitajiki tena. Nazing'oa."

Shemeji alikuwa mtu wa kusema "nitapita wiki ijayo" kisha asipite mwezi mzima. Siku hiyo alifika kabla chai haijachemka, viatu vimejaa vumbi, shati limetoka kwenye suruali.

"Shemeji, nani kakushauri?"

"Hakuna. Bustani inahamia juu."

"Juu wapi? Bustani ni ardhi."

"Hii yangu ni turubai."

Alivuta kiti, akakaa, akashusha sauti kama mtu anayeongea na mgonjwa. "Sikiliza. Ardhi isiyo na mwenyewe huchukuliwa na aliye macho. Wewe umepanda, umetunza, mtaa mzima ni shahidi, picha ninazo. Tusipoichukua sisi watachukua wengine. Afadhali sisi."

"Sisi akina nani?"

"Familia."

"Na jina litakaloandikwa ni la nani?"

Shemeji alitazama cherehani, akatazama misumari ukutani. "Hilo tutaangalia."

"Tutaangalia ndilo jina lenyewe?"

Mama Turubai aliinua sufuria ya chai jikoni akaiweka chini, maji yakiwa bado hayajachemka. Ubaya wa kushuku ni kwamba ukikuta ulichokishuku hufurahi hata kidogo. Alikuwa ametamani sana, kumbe, yule mtu aliyemkumbatia awe amekuja kweli.

"Kwa hiyo kaka angejivunia," alisema.

"Kaka angekuwa tajiri," shemeji akajibu, akasimama. "Wewe endelea kushona viraka."

Akaondoka. Hakurudi kuchukua nguzo zake, na hakuna aliyemkumbusha.

Kuzing'oa ilikuwa kazi ya mtaa. Kinyozi alikuja na mtaimbo, Mama Pacha akaja na mikono yake iliyozoea kukamua mablanketi, na hata watu waliokuwa wakitupa taka walisimama kutoa maelekezo. Nguzo ya mwisho ilipolala na matairi yakarudishwa gereji, Mama Pacha alijifuta jasho akasema, "Kamba zangu je?"

"Kamba zako ndizo zimenipa akili. Nyanyua kichwa, zangu zitapita juu ya zako."

"Nguo za watu zitadondokewa na matope."

"Tutaona namna."

"Sitaki namna. Nataka kuona kwanza."

Akashona shati la kwanza wakiangalia. Alikata mgongo na kifua kutoka turubai la kijani lililofifia, akakunja kingo mara mbili, akapiga mifuko kwa uzi wa nailoni. Wakajaza udongo wa shemeji, kwa kuwa udongo hauna kosa, wakapanda mrehani, wakamwagilia, wakalitundika. Likakaa muda wa kupiga picha moja. Kisha bega likaachia, shati lote likatua puu, na Mama Pacha akarukia upande.

"Umeona?" alisema.

"Nimeona. Udongo ukilowa ni mzito kuliko nilivyodhani."

Mama Pacha aliliokota, akaligeuza kama anavyogeuza nguo ya mteja kutafuta doa. "Nani hutundika kitu kizito kwa mabega? Blanketi lililolowa hulitundiki kwa ncha, unalikunja kwenye kamba kwa kiuno. Uzito ugawane huku na huku."

Hilo Mama Turubai hakulijua, na alilipokea. Nguo zikaanza kukatwa ndefu mara mbili, zikakunjwa juu ya kamba, mbele na nyuma zikipimana uzito. Mikanda ya viti vya magari ikashonwa chini ya mifuko kama mbeleko. Udongo wakaupunguza kwa kuchanganya mboji na vipande vidogo vya mkaa. Chini ya kila nguo Mama Turubai alishona mfereji wa turubai unaopeleka matone pembeni, yakadondokea kwenye ndoo, na ndoo hizo Mama Pacha akakubali kuzitumia kuloweka matambara. Chupa za plastiki zilizojaa pengoni zikatobolewa vifuniko, zikapinduliwa mifukoni zitoe maji kidogo kidogo. Koti likajazwa mshubiri, aproni ikajazwa spinachi, suruali ikapewa matawi ya viazi vitamu yanayotambaa, yakatoka miguuni kama mtu aliyesahau soksi zake.

Siku ya kutundika, kinyozi alikuwa na sharti.

"Upande wa ukuta wangu fundo nafunga mwenyewe."

"Kwa nini?"

"Siku nikiona mambo siyaelewi, nafungua."

"Na upande wangu nitafunga mimi," Mama Turubai akasema. "Kwa sababu hiyohiyo."

Wakafunga, kila mtu lake, na kila mmoja akaenda kukagua la mwenzake.

Taka hazikukoma siku moja. Zilipungua, zikasogea, zikahamia nyuma ya gereji ambako ni shida ya wengine. Wapita njia walianza kupunguza mwendo wakiinua macho. Madereva walirudi, mmoja akaagiza turubai jipya kabisa, na mwingine akauliza kama anaweza kushonewa suruali kama ile kwa ajili ya ukuta wa nyumba yake. Mama Turubai akapata kazi ambayo hakuwahi kujua kama ipo.

Lakini msidhani mtaa ulijaa upendo. Mshubiri uliibwa kwenye koti, mfuko mzima ukakatwa vizuri, wima, bila uzi kuning'inia, na kwa muda kila mwanamke mwenye uso laini kama aliyejipaka mshubiri aliangaliwa kwa jicho la pembeni. Kuhusu kumwagilia ilikuwa vichekesho. Kinyozi alimwagilia asubuhi ili Mama Turubai asionekane ndiye mwenye bustani peke yake. Mama Turubai alimwagilia jioni ili kinyozi asije kusema ndiye aliyeitunza. Mama Pacha alimwagilia mchana, na ukimuuliza anasema maji yamebaki tu. Bustani nyingine hufa kwa kukosa mtu wa kuiangalia. Ile ilikaribia kuoza kwa kuangaliwa mno, mpaka wakakubaliana kuweka jiwe dogo juu ya ndoo, kila aliyemwagilia aligeuze upande wa pili ili anayefuata ajue. Na bado mtu akikuta jiwe limegeuzwa, aliingiza kidole mfukoni kuhakikisha udongo umelowa kweli.

Mvua zilipokwisha, mke wa shemeji alikuja. Mama Turubai alimwona kutoka mbali, mwanamke mnene wa taratibu, waliyekuwa wakipendana kabla ya waume zao kuharibu mambo. Alikuwa peke yake, na mkoba mdogo. Mama Turubai aliangalia nyuma yake, akaangalia ng'ambo ya barabara, akaangalia kama ameshika simu.

"Dada, sijatumwa," mgeni akasema, kabla hajaulizwa. "Yeye hajui kama nimekuja."

"Karibu."

"Sikai. Nimesikia una mnanaa. Nilitaka kijitawi nikapande nyumbani."

Mama Turubai alisimama akimtazama. Mnanaa unauzwa sokoni fungu zima, na sokoni ni karibu na kwao kuliko hapa. Kwa nini aje mpaka hapa? Aliufikiria ule uso, akautafutia kisu, asikione, na hakujua kama hakipo au kama jicho lake limechoka. Kinyozi alikuwa amesimama mlangoni kwake, kitambaa begani, akitazama.

Mama Turubai akashusha kamba kidogo, akachagua tawi lenye mizizi, akalifunga kwenye kipande cha turubai kilicholowa.

"Usiliweke juani siku za mwanzo," alimwambia. "Na mwagilia mwenyewe."